Birika Lililokatwa Mdomo

Jumapili ile mliporudi kutoka jumba la sanaa, vijana wangu, mlinizunguka nje ya kanisa pale Kenmore kabla hata sijafunga zipu ya koti. Mmoja wenu, simtaji, alianza kuniuliza kwa Kiingereza. Mama yake akamkazia macho, naye akajikongoja kwa Kiswahili: "Babu, zile… zile sufuria za shaba, ni kweli wewe ulitengeneza? Kwa nini ziko na kidonda?" Nikamjibu kwamba si sufuria, na si mimi peke yangu niliyezitengeneza. Upepo wa mto ulikuwa unatukata masikio, basi la kanisa linangoja, nikaahidi nitawaandikia. Ndiyo haya. Someni polepole, na neno likiwashinda waulizeni wazazi. Watafurahi kuulizwa.

Kazi yangu ilikuwa kusubu shaba. Msanii anatengeneza kitu chake kwa nta. Sisi tunakivika uji wa udongo na mchanga, tabaka juu ya tabaka, mpaka kigeuke kama yai lenye ganda gumu. Tunalichoma lile ganda, nta inayeyuka inatoka, panabaki tundu lenye umbo la kitu kile. Ganda hilo ndilo kalibu. Halafu tunayeyusha shaba, tunamimina ndani. Ikipoa, unavunja ganda kwa nyundo, na kitu kinatoka kibaya, cheusi, kina mikia kila upande. Hapo ndipo watu wa tupa na msasa wanaanza kukiosha uso.

Sikuzaliwa na kazi hiyo. Kwetu milimani Kivu ya Kusini tulijua ng'ombe. Nilipofika Amerika nilianzia Louisville, kwenye ghala, nabandika karatasi kwenye maboksi na kuyasukuma mbele. Nilishukuru, maana watoto walikula. Lakini ukiniuliza nilijifunza nini mle, nitakuambia nilijifunza kubandika karatasi. Tukahamia Columbus kwa sababu dada wa bibi yenu Mariamu alikuwa kule, na mtu akanielekeza kwenye karakana iliyokuwa inatafuta wabebaji. Mwenye karakana, mzee wa Kizungu aitwaye Carl, alinitazama mikono, kisha akauliza swali moja tu.

"Unaogopa moto?"

"Sana," nikasema.

"Umepata kazi."

Nilidhani ananicheka. Baadaye niliwaona vijana wenye nguvu kunishinda wakifukuzwa kwa sababu hawakuogopa, ndipo nikamuelewa. Carl hakuwa mtu wa maneno. Siku ya kwanza aliniinua suruali, akaona soksi zangu za nailoni, akavua zake za pamba akanipa, yeye akashinda na buti bila soksi. Nailoni ikipata cheche inayeyuka na ngozi yako. Pamba inaungua tu. Suruali iteremke nje ya buti, isiingizwe ndani hata kidogo, kwa sababu tone la shaba likidondoka litateleza liende zake. Kijiko cha chuma kipashe moto kabla hujakitia kwenye chungu cha kuyeyushia, kwa maana chuma baridi kina unyevu usiouona, na unyevu ukikutana na shaba iliyoyeyuka, shaba inaruka. Kwa ajili hiyo hiyo siku moja nilipoingia na kikombe changu cha chai karibu na tanuri, Carl alipiga ukelele ambao bado nausikia. Chai niliinywea nje, kwenye theluji. Mungu amlipe mema mzee yule. Miguu yangu yote miwili mnayoiona ikija kanisani ni kwa sababu yake.

Bon. Sasa niwaambie habari za Dieudonné.

Shaba haimiminwi na mtu mmoja. Chungu kinakaa ndani ya pete ya chuma, na pete iko katikati ya mti mrefu wa chuma. Mtu mmoja anashika upande huu, mwingine upande ule. Wa mbele ana mpini wa kugeuzia, yeye ndiye anayeinamisha chungu. Wa nyuma hana la kugeuza, anabeba uzito na kufuata. Wananyanyuka pamoja, wanatembea pamoja, wanamimina kwa pumzi moja bila kukatisha, maana ukikatisha katikati, shaba ya kwanza inaanza kupoa, ya pili haishikamani nayo, na kazi ya msanii ya miezi inapasuka kama mkate mkavu. Wa nyuma akiachia, chungu kinamwagikia miguu ya wa mbele.

Mwenzangu wa nyuma aliporudi kwao Texas, Carl akaleta mtu mpya. Akanisalimu, "Habari ya asubuhi, mukubwa." Maneno hayo tu. Kwa lafudhi hiyo nikajua anatoka wapi. Alikuwa mtu wa bonde, chini ya milima yetu, wa wale jirani zetu ambao vijana wao walipanda juu wakachoma nyumba zetu, wakachukua ng'ombe, wakamuua kaka yangu mkubwa mlangoni pake. Carl akatushika mabega, amefurahi kweli kweli. "Nyinyi mnaongea lugha moja," akasema. "Mtaelewana."

Tulielewana kwa kazi tu. "Nyanyua." "Tembea." "Shusha." Zaidi ya hapo sikumpa neno. Wakati wa chakula yeye alikaa karibu na dirisha, mimi karibu na mlango, nampigia simu bibi yenu na kumsema yule mtu kwa lugha yetu ya milimani, kwa sauti ya kawaida kabisa, maana nani angenielewa? Miezi ikapita hivyo. Siwaambii hili ili mniige. Nawaambia kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyokuwa, na bila hivyo hamtajua ukubwa wa kilichokuja.

Bi. Lalita alikuja majira ya baridi, amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Alikuwa mchongaji kutoka mji mmoja wa magharibi ya India, amealikwa chuoni kufundisha kwa muda. Alileta vyombo vya nta, vya duara kama kibuyu kifupi, kila kimoja na kovu ubavuni. Alileta pia gunia la vyombo vikuukuu vya shaba vilivyobondeka, alivyonunua kwa wauza vyuma wa mjini kwao. Alitaka viyeyushwe pamoja na shaba yetu. Carl alikunja uso. Vyombo vile vina zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaokutia homa. Wakabishana, wakakubaliana vitiwe kidogo kidogo, milango wazi, barakoa usoni. Tena wazee wa karakana zote huamini kwamba dawa ya homa ile ni maziwa, basi Carl akatuletea galoni la maziwa baridi. Nililitazama nikasema moyoni, haya ni maji meupe. Lakini nilikunywa.

Chombo cha kwanza kilitoka vizuri. Tukakipeleka kwa Wambui. Huyo alikuwa Mkenya aliyekuja kusomea sanaa akabaki, na mikono yake ilikuwa mikono: akikwangua na kusugua, huoni tena mahali palipokuwa na mkia wa shaba. Alifanya kazi asubuhi nzima akiimba. Bi. Lalita alipofika mchana, chombo kilikuwa kinang'aa mviringo wote. Kovu halipo.

Bi. Lalita alikizungusha mikononi, akakizungusha tena. Akavuta kiti akakaa.

"Kuna nini?" Wambui akaniuliza kwa Kiswahili. "Si iko poa?"

"Nadhani kile kidonda ni chake," nikasema. "Alikitaka."

"Ai! Mimi nilidhani ni defect! Si mngeniambia?"

Bi. Lalita akaanza kucheka, na kucheka kukaisha vingine, akafuta macho kwa shali. Akatuita sote. Alizungumza Kiingereza, nacho changu kilikuwa cha kubandika maboksi, kwa hiyo Wambui akatutafsiria mimi na Dieudonné tuliosimama kila mmoja upande wake wa meza.

Alisema mjini kwao Wahindu na Waislamu walijenga nyumba zilizoshikana ukuta. Ukiingia uani, namna moja ya kujua hii ni ya nani ilikuwa chombo cha maji. Wahindu walitumia lota, la duara, halina mdomo. Waislamu walitumia chombo kama birika, lenye mdomo mrefu wa kumiminia. Siku za amani hakuna aliyehangaika nalo. Ghasia zilipoanza, wanaume waliingia nyumba kwa nyumba, na hawakuuliza jina. Walitazama chombo kilichowekwa mlangoni pa choo.

Jirani yao upande wa kushoto alikuwa fundi cherehani Mwislamu na mkewe na watoto. Bi. Lalita alikuwa msichana. Akasikia kupitia ukutani sauti ya msumeno wa chuma: yule fundi alikuwa anakata mdomo wa birika lake mwenyewe, ili lifanane na lota. Msumeno ulikuwa butu na makelele ya watu yanakaribia. Mama yake Bi. Lalita akapanda juu ya kiti, akampitishia jirani lota lao juu ya ukuta, akapokea lile birika lililokatwa nusu, akalizika kwenye pipa la mchele. Wale wanaume wakaingia kwa fundi, wakaona lota, wakapita.

"Kwa hiyo mama yako aliwaokoa," Wambui akasema.

"Aliwaokoa. Wakahama baada ya ghasia, hatukuwasikia tena." Akakirudisha kile chombo mezani. "Lakini kaka yangu alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakitazama vyombo mtaa wa pili. Jioni alirudi nyumbani, akanawa, akala wali wa pipa lile."

Wambui alipofika hapo alisimama. Ilibidi Bi. Lalita arudie ndipo naye akatutafsiria, polepole.

Nilimuuliza, kupitia kwa Wambui, kwa nini hakutengeneza wale watu wenyewe, na mapanga na moto. Alisema wachongaji wengi wa kwao wameliuliza swali hilo. Kuna anayetengeneza milango iliyoungua, kuna anayesubu viatu vya watoto, kuna anayejaza chumba vitanda vitupu. Akasema: "Ukiweka panga, kila mtazamaji atasema, huyo si mimi. Ukiweka chombo cha maji, kila mtu ana kimoja nyumbani." Na kovu? Kovu ni pale mtu alipolazimika kujikata ili asijulikane.

Sikulala… hapana, nilale nisilale haiwahusu. Niseme hivi: siku tuliyokimbia milimani, mama yangu alikuwa amebeba chombo chetu cha maziwa, cha mti, kile kinachofukizwa moshi wa majani mpaka maziwa yanukie. Tulipokaribia kizuizi cha barabarani akakiweka chini kwenye nyasi, taratibu, kama anayelaza mtoto, akatembea. Chombo kile kingetutaja. Nilikuwa sijakifikiria miaka mingi. Nikainua macho juu ya ile meza, na Dieudonné alikuwa anatazama sakafu.

Siku ya kumimina vyombo vilivyobaki tulikusanyika wote. Kalibu zimetoka kwenye tanuri, zimewaka nyekundu, zimesimamishwa mchangani. Carl akatia vipande vya lile gunia, kimoja kimoja. Moshi mweupe ukapanda. Dieudonné akaviangalia vikizama, akasema kwa sauti, si kwangu hasa, "Sasa nani atajua hii ilikuwa ya nani?" Carl hakuelewa neno, akamwonyesha kijiko: koroga.

Tukanyanyua. Mimi mbele, yeye nyuma. Kalibu ya kwanza, ya pili, safi kabisa. Kwenye ya tatu, shaba ikiwa nusu imeingia, kalibu ikatema. Ganda lilikuwa na ufa mdogo, na mchanga chini yake una unyevu. Nikaona kipande cha moto, si kikubwa kuliko harage, kikiruka juu ya mti wa chuma kuelekea nyuma yangu. Nikasikia pumzi ya Dieudonné ikiingia kwa nguvu. Mti ukatetemeka.

"Umeungua?" nikauliza bila kugeuka.

"Mimina."

"Dieudonné—"

"Mimina! Minakamata, sitaachia."

Nikamimina. Mti ulikuwa unatikisika kama una uhai, lakini haukushuka. Kile kipande kilikuwa kimetoboa suruali kikaingia ndani ya buti lake, na yeye alikuwa amesimama nacho. Angeachia, chungu kingekuja miguuni pangu mimi, mtu ambaye kwa miezi hakumsalimu. Kalibu ikajaa. Tukatembea, tukashusha chungu mahali pake, ndipo akaanguka.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Wambui alileta ndoo ya maji. Nikaling'ang'ania lile buti, linagoma, naomba Mungu kwa sauti kwa lugha yetu ya milimani: Ee Bwana, mtu huyu, Ee Bwana, mguu wa mtu huyu.

Na Dieudonné, amefumba macho, akanijibu kwa lugha hiyo hiyo, safi kama ya mama yangu: "Vuta polepole. Na mimi si ng'ombe asiye na mkia."

Vijana wangu, nilibaki na buti mkononi. Hilo ng'ombe asiye na mkia ndilo jina nililokuwa nikimwita kwenye simu kila mchana. Alikuwa anasikia yote, amekaa pale dirishani na sahani yake.

Hospitalini tulikaa muda mrefu tukingoja, mguu umefungwa kitambaa chenye maji. Nikamuuliza lugha yetu aliijulia wapi. Akasema baba yake alichunga ng'ombe wa watu wa kwetu, yeye alikua akicheza na watoto wetu, akinywa maziwa kwenye vyombo vyetu.

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa na haki ya kusema na mke wako." Akageuza shingo. "Kwetu pia walikuja. Walichoma nyumba ya baba. Dada yangu alikuwa ndani."

"Nani walikuja?"

"Watu wa kwenu."

Sikujua hilo. Nilijua vya kwetu tu, navyo vilikuwa vimejaa, havikuacha nafasi ya vingine. Nikasema pole. Akasema, na wewe pole, kwa kaka yako. "Nilisikia ukimwambia mama Mariamu," akaongeza. Mlango ukafunguka, Bi. Lalita akaingia na makoti yake mawili na bakuli la dengu lililofunikwa kitambaa, akatulisha wote wawili kwa zamu kama watoto. Nashukuru kwa dengu ile mpaka leo. Ilikuwa na pilipili ya kutisha.

Mguu ulipona, ingawa Dieudonné huutembeza kwa ubavu kidogo. Chombo cha kalibu ile ya tatu kilitoka kizima. Safari hii Wambui aliyagusa makovu yote kwa kidole kabla ya kushika tupa, akayaacha.

Vyombo viliponunuliwa na jumba la sanaa la huku Buffalo, Bi. Lalita alimwambia Carl anataka mimi na Dieudonné tuvilete na kuvipanga. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona mto Niagara, na nadhani ndipo nilipoanza kuipenda Riverside, mtaa wetu huu wa kando ya mto. Wenye jumba walitaka kuviweka juu, ndani ya kioo. Alikataa. Alivitaka kwenye ubao wa chini, ili kila mtu ainame kama anayechota maji, na alitaka viguswe. Mliuliza kwa nini makovu yanang'aa kuliko sehemu nyingine. Hakuna aliyeyasugua. Ni mikono ya watu. Mkono ukishika chombo kile, unatafuta mdomo, unakuta kovu, unakaa hapo kidogo.

La mwisho ni la Louisville. Binti yetu Neema alipochumbiwa na kijana wa kule, tulikodi ukumbi kulekule, familia ya kijana ikaja na wazee wake, na upande wetu ukahitaji msemaji wa kuwapokea. Mnajua mila yetu: msemaji ni mmoja wa ndugu wa baba, ajue kusifu ng'ombe, ajue kukataa kabla ya kukubali. Kaka yangu angekuwa ndiye. Nikampigia simu Dieudonné. Nikamwomba akae kiti hicho.

"Wazee wenu watakubali?"

"Sijui," nikasema. "Njoo na suti."

Ukumbi ulijaa. Alipokaa kwenye kiti cha msemaji, nilisikia minong'ono ikipita mistari kama upepo kwenye mahindi. Mzee Yeremia, mkubwa wetu sote pale, aliyezika wanawe wawili kule nyumbani, akaegemea mbele juu ya fimbo yake, akaniuliza: "Enoki. Huyu ni nani wenu?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ikanitoka yote kichwani. Nikasema, "Ni ndugu yangu. Alinishikia chungu." Hawakuelewa chungu gani, nami sikueleza.

Mzee Yeremia akajiegemeza tena kitini, fimbo magotini. Dieudonné akasimama kwa mguu wake ule wa ubavu, akafungua kinywa kwa lugha ya milimani. Aliwasifu ng'ombe kwa pembe zao na kwa rangi zao, kwa majina ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau, mpaka mama mmoja nyuma akapiga kigelegele bila kujizuia. Aliwakatalia wakwe mara ya kwanza, akawakatalia tena, akasema "binti yetu" na hakuna aliyekohoa. Neema akatolewa kwa heshima.

Wakati wa chakula Dieudonné alikaa peke yake, kama alivyozoea, karibu na dirisha. Nilikuwa naelekea kwake nilipomwona Mzee Yeremia akivuka ukumbi, fimbo mkono mmoja, sahani mkono wa pili. Akasimama mbele yake. Nikasimama na mimi pale nilipokuwa. Mzee akaweka sahani mezani, akavuta kiti, akashuka juu yake taratibu.

"Kule bondeni," akamuuliza, "mvua bado inaanzia upande wa ziwa?"

"Ndiyo, baba," Dieudonné akasema. "Bado inaanzia upande ule."

Waliongea habari za mvua mpaka vijana walipoanza kukunja viti.